Maji Yalifika Hapa

Kati ya Novemba 2023 na Mei 2024 Wakenya tulipewa likizo mbili za kupanda miti. Ya kwanza ilikuwa Jumatatu, tarehe 13 Novemba, na lengo lilikuwa miche milioni 100 kwa siku moja, kipande cha ule mpango mkubwa wa miti bilioni 15 kufikia 2032. Ya pili ilikuwa Ijumaa, tarehe 10 Mei, nayo ilipewa kazi mbili kwa mpigo: kuwaomboleza waliouawa na mafuriko, na kupanda miti. Mwezi huo huo wa Mei matingatinga yalikuwa Mathare yakiangusha nyumba zilizojengwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni. Shule zilikuwa bado hazijafunguliwa. Zilifunguliwa Jumatatu iliyofuata, tarehe 13. Kwa hivyo kama ulikuwa mtoto wa Mathare wakati ule, somo lako la tabianchi lilikuja hivi: kwanza maji, halafu tingatinga, halafu mche.

Machi 2025 nilipata kazi ya maneno 800. Shirika moja lililokuwa likifadhili klabu za mazingira katika shule za mitaa ya mabanda lilitaka hadithi ya matumaini. Wanafunzi wamejifunza kuhusu mabadiliko ya tabianchi, wanafunzi wamechukua hatua, picha tatu. Kuhusu picha maelekezo yalikuwa marefu kuliko kuhusu maneno: miche iwe mikononi, watoto waangalie kamera, fulana za shirika zionekane. Mimi hula kwa kazi kama hizi. Nimeshaandika matumaini ya kuku, ya majiko, ya taulo za hedhi. Nilipanda matatu ya kwenda Mathare aya ya kwanza ikiwa tayari kichwani.

Shule yenyewe ni ya mabati, kwenye mteremko. Mathare ni bonde lililokuwa machimbo ya mawe zamani, na ukisimama pale langoni unaona paa zikishuka kama ngazi hadi mtoni, kisha zikipanda tena ng'ambo. Huhitaji jiografia kujua maji ya mvua yatapitia wapi. Klabu hukutana Jumatano baada ya masomo, watoto ishirini na kitu wa Gredi 7 na 8, na ticha anayefundisha sayansi na hisabati na ambaye, nilivyoona, hapendi wageni wa kamera. Alinisalimia vizuri, akanipa kiti, kisha akaendelea na shughuli zake kana kwamba sipo.

Siku hiyo walikuwa wanarekebisha kipimamvua. Ni chupa ya soda ya lita mbili, imekatwa shingo, shingo ikapinduliwa na kurudishwa ndani kama faneli, na rula ya plastiki imebandikwa ubavuni kwa selotepu. Nikadhani ni ya mchezo. Msichana mmoja mrefu, mwenye daftari, akanieleza kwa uvumilivu kwamba chini ya chupa ya soda si bapa, ina matuta, kwa hivyo lazima kwanza umimine maji hadi yafunike matuta, uweke alama ya sifuri hapo, ndiyo uanze kupima. Daftari lilikuwa lake kulinda. Kila siku saa tatu asubuhi mtu anasoma, mtu mwingine anahakikisha, wote wawili wanaweka sahihi. Kulikuwa na ukurasa mmoja wenye usomaji wa milimita 94 siku ya jua kali, umekatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni pameandikwa: "Gredi 4 walimwaga maji. Wameonywa."

Hapo ndipo nilipoanza kuandika kwa ukweli.

Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 inataka somo hili liingizwe katika mtaala wa ngazi zote, na limeingia. Mtoto wa Gredi 8 atakutajia gesijoto bila kukwama. Shida ni kwamba mara nyingi linaingia kama habari za mbali, halafu linatoka kama mche. Katikati hapana kitu. Yule ticha alikuwa amekaa hapo katikati, akichimba. Alikuwa amewapa kitu kimoja cha fizikia na kuwaacha wakitafune kwa wiki nzima: hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1, inaweza kubeba mvuke wa maji zaidi kwa takriban asilimia 7. Basi. Mseme wenyewe maana yake nini.

Kijana mmoja ambaye kakake husukuma mkokoteni sokoni alisema ni kama mkokoteni ulioongezewa mbao kando. Unabeba mzigo zaidi, lakini pia unachukua muda mrefu kujaa, na ukipinduka unamwaga vitu vingi kwa mara moja. Ticha akauliza: na kabla haujajaa? Msichana aliye na nyanya Isiolo akajibu kabla ya wengine. Kabla haujajaa ni kiangazi. Nyanya yake alibaki na mbuzi wawili baada ya ile misimu mitano ya mvua iliyokosekana mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020. Nilikuwa nimesikia ukame na mafuriko vikielezwa kama maadui wawili tofauti. Sikuwahi kusikia mtoto akiviweka kwenye mkokoteni mmoja.

Kisha wakapiga hesabu, na naomba uifuate kwa sababu ndiyo sehemu niliyoipenda zaidi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni lita 1. Chumba cha kawaida cha mabati mtaani ni futi kumi kwa kumi, yaani kama mita 3 kwa 3, mita mraba 9. Chukua siku mbaya, mvua ya milimita 50. Hiyo ni lita 450 kutoka paa la chumba kimoja. Lita 450 ni mitungi ishirini na miwili na nusu.

Darasa lilinyamaza kwa sababu lita ni kitu cha mtihani, lakini mtungi wanaujua. Mtungi wameubeba. Mtungi mama anaununua kwa shilingi 5 siku nzuri na 20 siku maji yamepotea. "Manze," akasema kijana wa mkokoteni, "keja moja?" Keja moja. Ploti ya vyumba ishirini ni lita 9,000, mitungi 450. Na mitungi hiyo yote inaelekezwa kwenye mtaro mmoja ambao upana wake, walikuwa wameupima, ni sentimita 38, na ambao kufikia Machi ulikuwa umejaa daipa, maganda ya miwa, na mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku Agosti 2017 wakati wengi wao hawajaanza hata Gredi 1. Mfuko mmoja ulikuwa bado na jina la duka, limesomeka vizuri tu.

Kwa hivyo watu hao hao wanaonunua maji kwa mtungi ndio wanaofurikiwa na maji. Hili halikuhitaji kusemwa na mtu yeyote, na ticha hakulisema.

Niliwauliza wamefanya nini na hizo hesabu, nikiwa bado na maneno 800 ya kujaza. Wakanitoa nje.

Kwenye ukuta wa choo cha shule, usawa wa goti langu, kulikuwa na mstari wa rangi ya buluu, urefu wa mkono, na chini yake "4/2024". Tukashuka. Kwenye nguzo ya stima, usawa wa paja. Kwenye ukuta wa kanisa dogo, kiunoni. Kadiri tulivyokaribia mto ndivyo ule mstari ulivyonipanda mwilini, hadi tulipofika ploti moja ambayo mstari ulikuwa juu ya mlango na mimi si mfupi. Buluu ilikuwa rangi iliyobaki baada ya lango la shule kupakwa. Mistari ilikuwa 31. Walikuwa na sheria: kila mahali waulizwe watu watatu waliokuwepo ule usiku wa mafuriko, na angalau wawili wakubaliane, la sivyo hapachorwi. Mahali pengine walipata mtu mmoja tu wa kuuliza, kwa sababu majirani wote walibomolewa na kuhama. Hapo daftari linasema "hakuna shahidi wa pili".

Sijui kama mnaelewa uzito wa hilo. Wakati wa kuhama watu waliahidiwa shilingi 10,000 kila nyumba wakatafute pa kwenda, na wakaenda: Huruma, Kariobangi, Dandora, ushago. Darasa lenyewe lilipungua. Ramani ya mafuriko ilikuwa imeondoka na watu vichwani mwao, na hawa watoto walikuwa wanaikusanya kabla haijaisha, kwa rangi ya lango.

Kuna mtu atauliza, na mhariri wa shirika aliniuliza kwa WhatsApp jioni ile: sawa, lakini miti iko wapi? Ipo. Walipanda sita mwaka uliopita, kati ya ukuta na choo, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine. Miwili ilikuwa hai. Ticha alinionyesha bila kuona haya. "Mti unataka pa kusimama," akasema. "Hapa hata mtu hana."

Sina ugomvi na miti. Lakini nadhani tumempunguza Wangari Maathai tukamfanya mama wa miche. Alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, wanawake wa mashambani walikuwa wamelalamika kuhusu kuni, maji na chakula. Mti ulikuwa jibu la swali lao wenyewe. Na mwaka 1989 aliposimama mbele ya mpango wa jumba la ghorofa 60 katika Uhuru Park, na miaka kumi baadaye alipopigwa akiutetea msitu wa Karura, swali lilikuwa ni nani anachukua ardhi ya umma na kwa ruhusa ya nani. Mtoto akipewa mche bila swali amepewa nusu ya Wangari, tena ile nusu isiyomsumbua mtu.

Maswali klabu ile ilikuwa nayo. Msichana wa daftari alinigeukia tukipanda mlima kurudi. Walikuwa wamefundishwa kwamba Afrika yote inatoa asilimia ndogo sana ya gesijoto za dunia, kama 4, na Kenya peke yake haifiki hata 1.

"Anti, hao waliochoma makaa na mafuta yote hayo, likizo yao ya kupanda miti huwa lini?"

Nikacheka, yeye hakucheka. Kijana mmoja akaniokoa, kama ni kuokoa, kwa kuuliza kama haya mambo niliyasomea chuo. Nikasema nilifika mwaka wa pili, karo ikaisha, nikaacha. Akafikiria kidogo. "Kumbe ni kama ule mtaro wa kanjo," akasema, akionyesha shimo lenye vyuma vya kutu lililoishia katikati ya njia. Wote wakaangua kicheko, na mimi pia.

Mtaro wao wenyewe waliuzibua Jumamosi, kabla ya mvua ndefu, wakiwa na reki mbili na koleo la kuazima. Nilienda bila kulipwa nauli. Saa nne za kazi, magunia kumi na saba. Yakapangwa vizuri kando ya njia yakisubiri gari la taka. Gari halikuja. Hakuna ratiba ya gari la taka kwenye njia ile. Kuna vijana wanaobeba kwa ada, na wao wangebeba magunia yale kama kuna mtu wa kulipa. Usiku wa Jumapili ikanyesha, si sana, milimita 11 kwa daftari, na magunia manne yakarudi mtaroni. Hapa ndipo makala nyingi za aina yangu hukata kabla ya Jumapili.

Klabu haikukata. Jumatano waliandika magunia manne, wakaandika jina la njia, kisha wakaandika maswali matatu na kuyapeleka baraza la chifu, ticha akiwatangulia na mwenyekiti wa wazazi akiwa nyuma. Nani anapaswa kuzoa taka kwenye njia hii, na siku gani? Mvua kubwa ikija usiku, nani anatuamsha? Tukiamka, twende wapi?

Nilikuwepo. Walisimama wawili, wakamsalimia chifu na wazee, wakasoma. Swali la kwanza lilipelekwa kaunti kwa heshima zote, maana yake ni kwamba lilipotea. La pili lilizua kelele. Ule usiku wa Aprili watu waliamshwa na maji yenyewe, au na mayowe ya jirani, na kila aliyekuwa pale barazani alikuwa na lake la kusema. Mama mmoja alisema aliamka akidhani mtoto amekojoa. Hakuna aliyecheka. Mzee wa nyumba kumi akasema kengele ya kanisa ipo, ila kanisa hufungwa saa mbili usiku na funguo hulala kwa mchungaji, Kayole.

Msichana wa daftari akainua mkono tena. "Chifu, samahani. Lile kanisa la juu, la mawe, liko juu ya mstari. Maji hayakufika. Tulipima." Yaani hilo ndilo lilikuwa jibu la swali la tatu, na lilikuwa mtaani miaka yote.

Haikuisha siku hiyo. Kulikuwa na wasiwasi wa viti kuibiwa, wa vipaza sauti, wa nani atalipa kufuli ikivunjwa. Lakini kufikia mwisho wa Aprili kulikuwa na funguo ya pili ya kanisa la mawe, na baada ya mvutano kuhusu ikae kwa nani, ikapewa mama wa chapati karibu na daraja, kwa sababu huamka saa kumi kukanda unga na ndiye anayeuona mto kabla ya mtu mwingine yeyote. Ticha naye husoma tahadhari za Idara ya Hali ya Hewa zinapotoka na kuziandika ubaoni kwa Kiswahili cha nyumbani, kila mtoto anabeba hadi kwao. Hiyo ndiyo hatua waliyochukua: daftari, rangi, funguo. Gharama yake nadhani haifiki bei ya fulana moja ya shirika.

Niliyaandika haya yote katika maneno 800, kwa taabu. Aya ya funguo iliondolewa kwa sababu "inachanganya". Aya ya magunia kurudi mtaroni iliondolewa kwa sababu "inavunja moyo". Picha iliyotoka ni ya miche sita mipya iliyoletwa kwa gari asubuhi ya siku ya picha na watoto sita walioambiwa waishike. Walitabasamu vizuri. Nililipwa baada ya miezi miwili.

Mistari ya buluu yenyewe ina maadui pia. Keateka wa ploti moja ya chini alimfuata ticha hadi shuleni, amekasirika. Tangu ule mstari uchorwe, alisema, vyumba viwili havijapata mtu. Mnanifukuzia wapangaji. Ticha akamwambia angalia, mzee, ni kweli au si kweli? Keateka akasema hilo si swali. Kijana wa mkokoteni akauliza, kwa adabu kabisa, mikono nyuma: "Lakini mzee, si hata wewe ulilala juu ya paa usiku huo?" Keateka akamtazama kwa muda. "Nililala," akasema. Akaenda. Kesho yake akapaka krimu ukuta wote wa mbele.

Watoto hawakurudi kuchora. Mstari uko kwenye daftari, namba 27, "juu ya mlango, mashahidi watatu". Na keateka, kwa haraka au kwa makusudi, hakupaka ndani ya uchochoro wa ploti, ambako kuna mstari mwingine kando ya bomba.

Mara ya mwisho niliyopita pale, mwezi wa tano, nilikuwa na wawili wa klabu wakinionyesha mahali kipimamvua kimehamishiwa. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alikuwa anaangalia chumba, keateka akiwa mbele na funguo. Akauona ule mstari wa uchochoroni. Hakumuuliza keateka. Aliwauliza wale watoto, labda kwa sababu ya sare.

"Hii laini ni ya nini?"

"Maji yalifika hapo, mathee. Mwaka jana, mwezi wa nne."

Aliweka kiganja ukutani, usawa wa mstari, kisha akakisogeza pole pole hadi kwenye mwili wake. Kifuani. Akamtazama mtoto mgongoni. Akauliza bei, akaambiwa, akanyamaza, akauliza kama kuna kingine cha juu kwa bei hiyo, akaambiwa hakuna.

Akachukua. Akaomba mawe manane ya kuinulia kitanda, na akawauliza watoto kanisa la mawe ni lipi, wamwonyeshe kabla hajaenda kuleta vitu.